Jasho la kwapa linanitesa dokta, nimejaribu kila kitu

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni binti wa miaka 24, nafundisha shule ya msingi huku Tanga. Shida yangu ni jasho la makwapani, na sio lile jasho la joto la Tanga ambalo kila mtu analo, hapana. Nikinyanyua mkono tu kuandika ubaoni wale watoto wa dawati la mbele wanaona duara limeloa limeshuka mpaka ubavuni, saa 2 asubuhi hiyo hata jua halijawaka. Lilianza nikiwa form two. Mama mkubwa analo, na mdogo wangu wa kiume naye limeshamuanza. Harufu sio sana, ni maji tu. Deodoranti nimemaliza zote dukani, nimepaka limao nikaungua, nimepaka shabu, naoga mara 3 kwa siku. Nguo za rangi nimegawa zote, nabaki na nyeusi na ndani nabandika tishu, siku moja tishu ilidondoka ofisini mbele ya mwalimu mkuu nikatamani ardhi ipasuke. Watu wanaona kama sijui usafi. Kuna dawa kweli au ndo nilivyoumbwa? Shoga yangu anasema kuna operesheni India.

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana, maana barua yako nimeisoma mara mbili na hapo kwenye tishu roho iliniuma. Kabla ya yote naomba unielewe hapa: hilo ni tatizo la kiafya, madaktari wanaliita haipahaidrosisi, na halina uhusiano wowote na usafi. Mwili wa mtu una tezi za jasho kama milioni 2 mpaka 4 hivi na zinafanya kazi kwa amri ya mishipa ya fahamu, sasa kwako tezi zenyewe ni nzima kabisa ila amri inayozifikia pale kwapani imezidi, yaani zinaambiwa toa maji hata wakati mwili hauna joto la kupooza. Ndo maana hata ukioga mara 10 haipungui, kuoga kunatoa jasho lililokwisha kutoka, amri ya kutoa lingine bado iko palepale.

Na ulivyojieleza ni kama umenisomea kitabu: limeanza kabla ya miaka 25, liko makwapa yote mawili, lina miaka, na kwenye ukoo lipo. Kitu kimoja tu hujaniambia, je ukilala linakata? Kama usiku unalala mkavu basi ni hilihili. Lakini kama unaamka shuka limelowa chapachapa, au una kikohozi kisichoisha, homa za jioni, unapungua mwili, moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka, hapo usianze na dawa za kwapa, nenda hospitali wakucheki TB, HIV, sukari na tezi ya shingo. Kuna na dawa zinazoleta jasho, kama zile za sonona, kwa hiyo mwambie daktari kila unachomeza.

Sasa dawa. Wengi wanapotea hapa mwanzoni kwa sababu deodoranti na antipaspiranti wanaona ni kitu kimoja. Deodoranti kazi yake ni harufu, maji haizuii hata tone, kwa hiyo ungenunua zote za Tanga nzima usingepona. Kinachozuia maji ni antipaspiranti, geuza chupa usome, lazima uone neno aluminiamu. Na kwa mtu wa hali yako za dukani huwa hazitoshi, unatakiwa uende famasi uulizie ile ya aluminiamu kloraidi asilimia 20, huwa inakuja ya kupaka kwa roli-oni au ya maji.

Na matumizi yake ndo kila kitu, naomba usome taratibu. Inapakwa USIKU, wakati wa kulala. Sio asubuhi baada ya kuoga. Usiku tezi zimetulia, dawa inapata nafasi ya kuingia kwenye vile vitundu vya jasho na kuviziba, asubuhi ukiipaka jasho linaisukuma nje tu. Kwapa liwe kavu kabisa, jipepee, kaa mbele ya feni, maana hiyo dawa ikikutana na maji inatengeneza asidi na hapo ndo watu wanababuka wanasema dawa mbaya. Kama umenyoa subiri siku 1 au 2. Asubuhi unaosha na maji na sabuni unaenda zako kazini. Fanya kila usiku mpaka uone kukavu, wengi ni wiki moja au mbili, halafu unapunguza iwe mara 1 au 2 kwa wiki. Ikikuwasha ruka usiku mmoja, na krimu ya haidrokotizoni asilimia 1 inasaidia kutuliza ngozi.

Nilishakuwa na mgonjwa alikuja kanikunjia uso kabisa, anasema hiyo dawa ni ya uongo na imemuunguza, nikamwambia hebu nionyeshe unavyopaka. Akanionyesha: anatoka bafuni, hajajifuta vizuri, anapaka harakaharaka daladala isimwache. Dawa sikubadilisha, nilibadilisha saa tu. Aliporudi alikuwa kavaa blauzi ya bluu bahari na akanyanyua mikono yote miwili mlangoni kabla sijamkaribisha kiti. Mpaka leo nikimkumbuka nafurahi.

Limao acha leo leo. Ile ni asidi, na ngozi yenye limao ikipigwa na jua inaacha mabaka meusi yanakaa miezi. Shabu ni habari nyingine, bibi zetu hawakukosea njia kwa sababu shabu nayo ina aluminiamu ndani yake, ila nguvu yake ni ndogo kwa jasho kama lako. Na najua utasikia maneno kuwa aluminiamu inaleta kansa ya titi, tafiti zilizofanyika hazijathibitisha hilo, ila mwenye figo zilizofeli huyo aongee na daktari wake kwanza.

Ikipita mwezi umeipaka inavyotakiwa na bado unaloa, kuna sindano ya Botox. Ndio, hiyohiyo ya makunyanzi, Marekani waliipitisha kwa jasho la kwapa mwaka 2004. Wanapaka ayodini kwapani wananyunyiza wanga juu yake, na pale penye jasho panageuka rangi nyeusi ya zambarau unaona kabisa ramani ya tatizo lako, halafu wanachoma sindano ndogo ndogo 10 mpaka 15 hivi kila kwapa, kwa kawaida yuniti 50 kila upande. Inakata ule ujumbe wa mishipa kwa tezi. Ndani ya wiki unaanza kukauka na inakaa miezi 6 hivi, wengine zaidi, kisha unarudia. Ubaya wake ni hela, na ni hela ya kila mara. Muone mtaalamu wa ngozi umuulize, nchi yetu inao, pale hospitali ya KCMC Moshi kipo kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi tangu 1992 na wewe wa Tanga Moshi sio mbali. Ila nakuomba sana usikubali kuchomwa saluni na mtu usiyejua kasomea wapi.

Operesheni ya India, hapana, sio kwako. Ile wanaingia kifuani wanakata mshipa wa fahamu, na wengi waliofanyiwa jasho linahama, linatokea mgongoni, tumboni, mapajani, na mshipa ukishakatwa ndo basi. Kwa jasho la kwapa peke yake siwezi kukushauri hata siku moja wakati hujajaribu hata ile chupa ya usiku.

SWALI: Daktari habari. Mimi ni fundi welding Mombasa, umri 31. Jasho la kwapa na mikono lilikuwa limenisumbua sana, jamaa wa chemist akaniuzia tembe zinaitwa oxybutynin. Jasho limepungua kweli lakini mdomo umekauka kama mchanga na choo ni ngumu. Niendelee nazo?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na umefanya la maana kuuliza. Hizo tembe kweli zinatumika kwa jasho, ila hazichagui kwapa, zinapunguza jasho la mwili mzima, na jasho ndo feni ya mwili. Wewe uko Mombasa, uko juani, na mkononi umeshika moto. Mwili ukishindwa kujipooza joto linapanda ndani na hilo linaua, sikutishi. Huo mdomo mkavu na choo ngumu ni dalili kwamba dawa inakausha kila mahali, na kwa mwenye presha ya macho au anayepata shida kukojoa ni hatari zaidi. Kwa kazi yako nakushauri uzisimamishe mpaka umuone daktari akupime na aamue yeye, sio mtu wa kaunta. Makwapa anza na hiyo dawa ya usiku niliyomwelekeza mwalimu hapo juu, na mikono kuna mashine ya umeme mdogo unaloweka viganja kwenye maji, inafanya kazi vizuri, muulize daktari wa ngozi. Na kama utakuwa kazini ukahisi kichwa kinagonga, kizunguzungu, na ngozi ina moto, zima mashine palepale, ingia kivulini, jimwagie maji na mtu akupeleke hospitali usiende mwenyewe.