Waulize Wataalamu wa Bustani: Maua ya Pembeni mwa Njia kwenye Udongo Mchachu

SWALI: Nataka kupanda maua kando ya njia yangu, kutoka getini hadi barazani. Lavenda nilizopanda mwaka jana zilidumaa, majani yakapauka, zikafa. Nimepima udongo, pH (kipimo cha uchachu; chini ya 7 ni mchachu) ni 4.8. Jirani ananishauri nimwage chokaa. Je, nimsikilize?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Chokaa iache. Udongo wa milima yenye mvua nyingi ndivyo ulivyo, na ndiyo maana chai inastawi Mufindi. Kwenye uchachu huo alumini ya udongoni huyeyuka ikaunguza ncha za mizizi, na fosforasi hunaswa isiufikie mmea. Chokaa itapandisha pH, lakini mvua zitaishusha tena, nawe utakuwa unanunua mifuko kila baada ya miaka michache. Ni nafuu kupanda kinachoupenda udongo ulionao. Lavenda, kama unaipenda sana, iwe ya chungu chenye udongo wake.

Ukiwa na upana wa mita moja na nusu, panda haidranjia nyuma, mita 1 kati ya shina na shina, na azalea mbele yake, sentimita 60 kati ya shina na shina. Vyote ni vichaka vya maua. Kama nafasi ni finyu, panda chai yenyewe! Miche huko kwenu haina shida. Iachanishe sentimita 40, ikishashika ikate kimo cha goti, na utapata uzio mzito, wa kijani mwaka mzima.

Azalea ndiyo inayowashinda wengi, na kosa huwa ni kuipanda kwa kina mno. Mizizi yake ni myembamba mno na hukaa juujuu. Chimba shimo la upana wa sentimita 40 na kina cha 30, changanya udongo wa juu na majani yaliyooza vizuri kwa uwiano wa mbili kwa moja, kisha shindilia kidogo ili mche usizame baadaye. Uso wa udongo uliokuja na mche ubaki sentimita 2 juu ya ardhi. Ukifukia shina, litaoza. Tandaza majani makavu ya msonobari unene wa sentimita 5 hadi 8 bila kugusa shina. Jembe lisipite hapo, magugu yang'olewe kwa mkono.

Panda mvua zinapoanza. Mche ukishachipua, zungushia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kizibo kimoja cha soda, mbali kidogo na shina, udongo ukiwa na unyevu. Usitumie mbolea ya CAN, kwani ina chokaa ndani yake, wala jivu la jikoni.

SWALI: Haidranjia zangu zote ni za bluu, isipokuwa mbili zilizo karibu na ukuta zimetoa maua ya pinki na majani yake yana unjano. Je, ni aina tofauti?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Yaelekea ni ukuta. Vipande vya plasta na chokaa inayochuruzika vinapunguza uchachu. Alumini inayoleta bluu inajifunga, na chuma nacho kinakuwa adimu. Tazama jani changa: likiwa la njano huku mishipa imebaki kijani, ni njaa ya chuma. Okota vipande vyote vya saruji, au hamishia miche mita moja kutoka ukutani. Maua yaliyokwisha kuchanua hayatageuka rangi; subiri ya msimu ujao. Ukitaka uhakika, chota udongo wa kina cha sentimita 20 ukutani na kwenye zile za bluu, kila mmoja mfuko wake, upeleke TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa udongo mkoani Tanga.

SWALI: Matawi ya haidranjia na azalea ninayopogoa naweza kuwapa mbuzi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Hapana. Haidranjia ina sumu, na azalea ni mbaya zaidi: majani machache tu humtoa mbuzi mate, humtapisha na kumfanya ayumbe. Yafukie, au yaozeshe mahali palipozungushiwa uzio. Akishakula, mwite daktari wa mifugo mara moja na umwonyeshe tawi lenyewe.