Maswali ya Wasomaji: Majani ya Nyanya

SWALI: Nina miche sita ya nyanya kwenye ndoo. Majani ya chini yamegeuka manjano, yana madoa ya kahawia. Nimetia mbolea mara mbili na hali inazidi. Nimekosea wapi?

JIBU: Mbolea haitibu madoa, kwa hiyo iache kwanza. Chuma jani moja ulitazame kwenye mwanga. Ukiona ndani ya doa kuna miviringo, mmoja ndani ya mwingine kama kisiki cha mti kilichokatwa, hiyo ni bakajani tangulia. Madoa madogo ya milimita 2 au 3, kijivu katikati na vitone vyeusi kama masizi, ni ya septoria. Yote ni magonjwa ya kuvu, na yote hupanda kutoka chini kwa sababu matone ya maji hurusha vimelea kutoka udongoni hadi kwenye majani.

Kata majani yaliyougua wakati mmea umekauka, lakini usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa siku moja. Usiyatie kwenye mboji. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, kisha mwagilia shinani, asubuhi. Dawa ya ukungu yenye shaba hukinga majani yaliyo mazima tu. Lililokwisha kupata doa halirudi.

Kama hakuna madoa, ni habari nyingine. Jani zee likipauka lote, mmea una upungufu wa naitrojeni. Likiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, ni magnesi. Dalili hiyo ikianzia kwenye majani machanga ya juu, ni madini ya chuma, na mara nyingi udongo umejaa maji au una chokaa nyingi.

SWALI: Majani yamejikunja kuelekea juu. Ni virusi?

JIBU: Tazama ni majani yapi. Ya chini yakijikunja kama bomba, magumu lakini bado kijani, ni joto, ukame au kupogoa kupita kiasi, matunda hayadhuriki. Ila machanga ya kileleni yakiwa madogo, yamejikunja na kingo zake ni manjano, na mmea umedumaa, hivyo ni virusi vinavyoenezwa na nzi weupe. Havina dawa. Ufunike mmea kwa mfuko wa plastiki kabla ya kuung'oa, vinginevyo nzi wataruka kwenda kwa jirani zake.

SWALI: Mmea umenyauka ghafla, majani bado kijani, na udongo una unyevu.

JIBU: Kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea, na udongo huo usipande tena nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo.