Baba hawezi kuzuia mkojo na amelazwa hospitali: aswali vipi?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Mimi ni binti wa Majengo, hapa Nairobi. Baba yangu amepita miaka 70. Alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali moja ya umma, na bado amelazwa kwa sababu sukari yake haijatulia. Alikuwa na mpira wa mkojo. Sasa umetolewa, lakini mkojo unamponyoka akikohoa au akisimama, na usiku hata hajui umetoka saa ngapi. Tunamvalisha daipa. Tangu hapo ameacha kuswali. Anasema hawezi kukabili kibla akiwa na najisi mwilini, atazilipa zote akitoka. Tena amepunguza kunywa maji ili asijilowe. Mama alishafariki, na kaka yangu hufika jioni baada ya kazi, kwa hiyo mchana mimi ndiye ninayekuwa naye. Je, swala inasihi mtu akiwa na daipa? Na mimi bintiye nafaa kumbadilisha?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amponye baba, na akulipe wewe kwa kila shuka unayomtandikia.

Mwambie baba asingoje kutoka hospitali. Aswali leo, swala ya wakati uliomo, kwa hali aliyo nayo. Maadamu akili yake ni timamu, swala haijamwondokea, na mkojo unaotoka bila hiari yake hauibatilishi. Haya si maneno ya kumfariji mgonjwa tu. Ni hukumu iliyomo katika vitabu vya fiqhi tangu zamani, na ina mlango wake: mlango wa mwenye salisul-bauli, yaani mtu asiyeweza kuzuia mkojo.

Wanazuoni wameijenga juu ya hadithi ya Fatima binti Abi Hubaysh, radhi za Allah ziwe juu yake. Alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza kwamba damu haimkatiki, je, aache swala? Mtume akamwambia asiache, kwa kuwa ile ilikuwa damu ya mshipa na si hedhi. Zikipita siku zake za hedhi, aoshe damu, aswali, na atawadhe kwa kila swala. Damu ile nayo ni najisi na inatengua udhu, lakini alipokuwa hana uwezo wa kuizuia hakufukuzwa kwenye swala. Mkojo wa baba yako una hukumu hiyohiyo.

Na kama baba anaona aibu, msomee habari ya Zayd bin Thabit. Huyu ndiye aliyekuwa akimwandikia Mtume wahyi, na ndiye Abubakar aliyempa kazi ya kukusanya Qur'ani. Imepokewa kwa mwanawe Kharija kwamba Zayd alipozeeka mkojo ulimshinda. Akawa anautibu kadiri awezavyo, na ulipomzidi nguvu alikuwa akitawadha na kuswali. Mkono ule ulioandika maneno ya Mwenyezi Mungu ni wa mzee ambaye mwili wake ulikuja kufanya haya unayoyafanya mwili wa baba yako, na hakuna sahaba aliyemwambia akae mbali na msala. Naye Umar bin al-Khattab, asubuhi ile aliyochomwa kisu, aliswali na jeraha lake likitiririka damu.

Sasa namna ya kufanya. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, wakati wa swala ukishaingia anaoshwa sehemu zile, anavalishwa kitu safi cha kuzuia mkojo, anatawadha, kisha anaswali papo hapo bila kuchelewesha. Ukitoka mwingine katikati ya swala, aendelee, wala asiikate. Udhu huo ni wa faradhi moja, na sunna aziswali atakazo.

Madhehebu yetu pia yanataka kile cha kuzuia kibadilishwe kwa kila faradhi, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Daipa za watu wazima ni ghali, na wodini mara nyingi jamaa ndio wanaonunua. Njia mbili zinaweza kusaidia. Ya kwanza, kwa mtu anayevujwa kidogokidogo mchana kama baba, weka pedi au kitambaa safi cha pamba ndani ya daipa. Ikifika swala unatoa hicho kilicholowa na kuweka kingine, na daipa yenyewe ikiwa bado safi inabaki. Ya pili, ikiwa hata hilo halipatikani, wako wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu ya Hanbali, wasiomlazimisha kubadilisha kila mara maadamu kimefungwa vizuri. Afuate kauli hiyo na moyo wake utulie. “Basi mcheni Mwenyezi Mungu kama mwezavyo” ni aya ya Qur'ani, iko katika Suratut Taghaabun, na mgonjwa wa kitandani ana haki nayo kuliko mtu yeyote.

Umesema mkojo humponyoka akisimama. Basi asisimame! Wanazuoni wa Kishafii wameitaja hali hii kwa jina lake: mtu ambaye akisimama mkojo unamtoka na akikaa unazuilika, aswali kwa kukaa, na harudii swala hiyo baadaye. Wametanguliza utohara kuliko kisimamo. Aketi kitandani au kwenye kiti, arukuu kwa kuinama kidogo na asujudu kwa kuinama zaidi. Siku akizidiwa, atalala ubavu, kama Mtume alivyomwelekeza Imran bin Huswain aliyekuwa akiugua bawasiri: swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. Kibla cha Nairobi ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo tu. Muulize muuguzi dirisha la wodi linatazama wapi, nanyi mtajua. Kitanda kikiwa hakigeuziki, ageuze uso na kifua kadiri inavyowezekana.

Kutawadha, mletee kopo la maji na beseni. Kila kiungo mara moja inatosha. Penye bendeji au sindano ya dripu pasilowe, papanguswe juu yake kwa mkono wenye unyevu, na kama daktari amekataza maji kabisa mahali hapo, basi atayamamu, yaani apanguse uso na mikono kwa udongo safi badala ya maji. Kama huwezi kupata faragha ya kumwosha kwa maji mengi, mfutie kwa tishu au waipsi mpaka pakauke na alama isibaki, umalizie kwa maji kidogo.

Je, kufanya haya mara tano kwa siku ni mazito kwake na kwako? Kauli mashuhuri ya madhehebu yetu haimruhusu mgonjwa kuchanganya swala, lakini Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu haya, aliipa nguvu kauli ya kuruhusu, na ndiyo ya Imam Ahmad, mwenye madhehebu ya Hanbali. Nami naona wodi ya hospitali ni mahali pake hasa. Aicheleweshe adhuhuri mpaka karibu na mwisho wake na alasiri aiswali mwanzoni mwake, au azichanganye katika wakati wa moja kati ya hizo. Magharibi na isha vivyo hivyo, na hapo kaka yako atakuwa amefika. Asizipunguze rakaa, kwa sababu yuko mjini kwake na si msafiri.

Na ikitokea wakamrudishia mpira, ule wauguzi wanaouita katheta, hukumu ni ileile. Asiung'oe wala asiukunje kwa ajili ya swala. Mfuko umwagwe kabla ya kutawadha, kisha uning'inie chini kuliko kibofu chake na usigusane na sakafu, kwa sababu ukiinuliwa mkojo hurudi ndani na kumletea maambukizi.

Ama hili la maji limenitia wasiwasi kuliko la swala. Baba anadhani anajitahirisha, kumbe anajidhuru. Mtu asipokunywa, mkojo huwa mzito ukakiwasha kibofu, naye akazidi kubanwa. Choo nacho hukauka, na choo kigumu hukandamiza kibofu kikavuja zaidi. Kwa aliyetoka kupasuliwa tezi dume maji pia husaidia kusafisha njia. Anywe kiasi alichoambiwa na daktari wake, na kama daktari hajasema, muulizeni leo. Chai na kahawa apunguze, hasa usiku.

Ulizeni na mengine. Sukari ikipanda mkojo huwa mwingi, na pengine hiyo ndiyo sababu ya usiku. Akipata homa, au mkojo ukimchoma, au ukitoka matone tu huku tumbo la chini limejaa, mwiteni muuguzi mara moja wala msione haya. Kuvuja baada ya upasuaji wa aina hii kwa wengi hupungua kadiri wiki na miezi inavyopita, na kuna mazoezi ya kukaza misuli ya chini ya nyonga ambayo mhudumu wa mazoezi ya viungo hufundisha. Zayd alikuwa akijitibu kadiri awezavyo, kwa hiyo nayo ni katika kufuata mwendo wa wema waliotangulia.

Kuhusu kumbadilisha wewe. Asili ni kwamba uchi wa baba, kati ya kitovu na magoti, bintiye hautazami. Kwa hiyo anatangulizwa kaka yako, kisha muuguzi mwanamume. Lakini muuguzi mmoja mara nyingi ana vitanda vingi, na mzee hawezi kuachwa amelowa tangu asubuhi mpaka jioni. Ngozi inayokaa kwenye mkojo huchubuka, na mgonjwa asiyegeuzwa hutoka vidonda vya kulala. Ikiwa hakuna mwingine, mbadilishe, na huna dhambi. Dharura hupimwa kwa kiasi chake: vaa glavu, mfunike shuka au leso, ufanye kazi chini yake kwa mkono na utazame pale tu inapobidi. Osha, kausha kwa kugonga taratibu bila kusugua, paka krimu ya kukinga ngozi, umvalishe. Zungumza naye mambo mengine wakati huo. Usimsemeshe kama mtoto, wala usimtangazie mbele ya kitanda cha jirani kwamba amejikojolea.

Na wale jamaa wanaokuja kumwona wakaanza kuziba pua, waambie mapema wabaki mlangoni mpaka umalize. Heshima ya baba ni amana mikononi mwako, na kumsitiri ni ibada.

Zile swala alizokwisha kuziacha ni deni, lakini si la kumvunja mgongo. Siku alizokuwa chini ya dawa ya usingizi, au akili imemvurugika hajui aliko, swala ambazo wakati wake wote ulimpita katika hali hiyo hazimo katika deni kwa madhehebu yetu. Nyingine azilipe akiwa hapohapo kitandani, kwa mfano moja au mbili baada ya kila swala ya wakati. Kwa Mashafii kila faradhi ingetaka udhu wake, ila kwa Mahanafi na Mahanbali udhu mmoja wa wakati unatosha kuswali faradhi ya wakati huo na za kulipa, na kwa mgonjwa wa namna hii sioni ubaya kulifuata hilo. Aanze na adhuhuri ya leo.

Wallahu aalam.