Miguu yake ilikuwa vilevile

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki, "Je, ulemavu huleta umaskini?", limeniuma. Mimi nasema hauleti. Kinachofukarisha ni kifaa kibovu.

Kuna mama wa Kabuhoro aliyekuwa akiuza dagaa kwa sado pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Alipewa kiti mwendo kipya cha alumini, chepesi, kwa picha na makofi. Vigurudumu vya mbele vilikuwa vidogo kama kiganja, vya mpira mgumu. Kwenye sakafu ya hospitali vinateleza vizuri. Kwenye mchanga vinazama, kwenye mawe vinagota, na kila vikigota uzito wote unaangukia uma wa mbele unaoshika kigurudumu. Uma wa kushoto ukakatika kwenye maungio. Fundi wa kuchomelea akatumia rodi za chuma alizonazo. Alumini haishiki kwa rodi hizo: iliyeyuka, ikaacha tundu. Beringi nazo zilikwisha, na hazikuwa saizi ya baiskeli. Wiki sita hakufika sokoni. Mtaji ukaliwa, kwanza chakula, kisha kodi ya nyumba, na wateja wakahamia meza ya pili. Miguu yake ilikuwa vilevile kama mwezi aliokuwa akiuza!

Baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, ile ya bomba la chuma inayochomelewa mtaani, inatumia tairi, spoku, mnyororo na gololi za baiskeli ya kawaida. Fundi yeyote chini ya mti anaiweza. Kasoro yake ni uzito: mlimani lazima asukumwe, na ndani ya nyumba haigeuki.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Vizuri. Lakini mtaji wa dagaa bila njia ya kufika Mwaloni utaliwa nyumbani.

Hata hivyo, nikifika hapa nawafikiria walioumia uti wa mgongo. Hata kiti kikiwa kizuri, lazima wajiinue kila dakika 15 hadi 30, wawe na mto unaofaa, wanunue mipira ya mkojo mwezi hadi mwezi. Asiyehisi makalio hajui kidonda kimeanza lini, na kikichimba kinamlaza miezi. Jirani yake mzima hana gharama hiyo. Kwa hao nakubali: ndiyo, ulemavu unaleta umaskini. Kwa yule mama bado nakataa, ingawa njia ile ya mawe ingeweza kuvunja hata cha chuma.