Maji tunachemsha, mbona watoto bado wanahara?

Mama, umesema mnachota maji ya Ziwa Kivu, mnayachemsha, na watoto bado wanahara. Makala (mkaa) nayo imepanda bei. Mimi nisingelaumu moto kwanza. Ningeuliza: yakishapoa, mnayaweka wapi?

Nyumba nyingi hapa Goma maji hukaa kwenye ndoo wazi, na kila mtoto anachovya kikombe na vidole vyake. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuachi kinga yoyote ndani ya maji, kwa hiyo mkono mmoja mchafu unarudisha yote. Tafuta bidoni (dumu) yenye mdomo mwembamba na kifuniko, au ndoo yenye robine (bomba). Maji yamiminwe, yasichotwe.

Kuhusu makala: maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha. Robo saa juu ya mbabula (jiko la mkaa) ni kuunguza pesa bure.

Ama tumia javeli (dawa ya klorini ya kufulia) isiyo na harufu ya manukato. Kama kibandiko kinasema klorini ni karibu 5%, weka matone 2 kwa lita, yaani 40 kwa bidoni ya lita 20, koroga, ngoja dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa.

Lakini mtoto akihara majimaji kama maji ya mchele, usisubiri bidoni mpya. Mpe maji yaliyochanganywa na paketi ya chumvi na sukari (ORS), kidogo kidogo, huku mkielekea kituo cha afya saa ile ile.