Wamepiga nukta uani, shamba liko mlimani

SWALI: Shikamoo mzee. Nalima kahawa huku Kalinzi, ekari moja na nusu niliyoachiwa na baba, chini ya migomba. Walikuja vijana na simu, wakasimama uani, wakabonyeza, wakanitoza shilingi elfu tano, wakisema la sivyo kahawa yangu haitapokelewa Ulaya. Sijafyeka msitu wowote. Kwa nini nilipe mimi?
Mama wa watoto wanne, Kigoma Vijijini

JIBU: Marahaba mwanangu. Elfu tano nyingine isikutoke. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inambana anayeingiza kahawa kwenye soko lao. Ni yeye wa kuthibitisha kwamba shamba halikufyekwa msituni baada ya 31 Desemba 2020.

Nukta yenyewe, yaani alama ya simu inayoonyesha shamba lilipo kwenye ramani, usiikatae. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, kama ekari 10 hivi, nukta moja inatosha: namba mbili za mahali lilipo (latitudo na longitudo), kila moja na tarakimu sita baada ya desimali. Lakini umesema walisimama uani, na hapo ndipo paliponishtua. Msimu uliopita nilipanda mlimani na mkulima mmoja kuhakiki namba yake. Tulipoifungua kwenye ramani ikaangukia juu ya bati la jiko lake, ng'ambo ya korongo, mbali na mti wowote wa kahawa. Tukasimama katikati ya shamba. Majani ya migomba yalizuia mawimbi ya setilaiti, namba ikawa inachezacheza, tukasubiri hadi ikatulia. Akaiandika kwa kalamu ndani ya jalada la kitabu chake cha mauzo. Nawe fanya hivyo, ili ukibadili mnunuzi uondoke nayo.

Sheria hii naiunga mkono. Nimekuwa bwana shamba kwenye milima hii miaka 27, na nimeona mvua moja ikikwangua kilima kisicho na miti, maji yakateremka mekundu kuelekea ziwani. Kinachoniuma ni mzigo ulivyogawanywa. Mwaka 2024 Mario Draghi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, aliwaandikia Wazungu ripoti kwamba uchumi wao unaachwa nyuma na Marekani na China. Viwanda vyao navyo vikalalamikia makaratasi, tarehe ya sheria kuanza kutumika ikasogezwa mara mbili: kampuni kubwa sasa 30 Desemba 2026, ndogo 30 Juni 2027. Wenye wanasheria wamepata nafasi ya kupumua, na wewe wa ekari moja na nusu unadaiwa leo uani kwako!

Kwenye mkutano wa chama chenu cha msingi simama uulize: gharama ya kupima mashamba imo kwenye mkataba na mnunuzi? Na risiti ya ile elfu tano iko wapi? Usiende peke yako, nenda na wenzako waliotozwa.

Jambo jingine. Sheria hiyohiyo inataka kahawa iwe imelimwa kwa kufuata sheria za nchi, haki ya ardhi ikiwamo. Shamba bado liko kwa jina la marehemu baba? Basi wiki hii pitia ofisi ya kijiji, uulizie hati ya kimila kwa jina lako.