Bosi, hiyo drili iache nyumbani (kwa anayekwenda Ndoto na bolti 80)

Weka drili chini kwanza, ndipo tuongee.

Umeandika kwamba Desemba mnakwenda watatu milima ya Ndoto, kaskazini mwa Kenya, nyuma ya Ngurunit, kutafuta njia mpya za kukwea. Mmeona picha za drone za ukuta wa mashariki, jamaa akawaambia "jiwe safi, twende tu," na bolti 80 za kutia mwambani mmeshanunua. Unauliza gari, kamba, ruhusa na majira. Nitafika huko, nikikumbuka. Kwanza hizo bolti.

Safari ya kwanza haibebi drili. Nami nilibeba, kwa hiyo ukinicheka nitacheka nawe, mgongo wangu tu ndio hautacheka. Bolti zangu 60 na henga zake (vibati vya kuning'inizia kamba) zilikuwa kilo 6 hivi, drili na betri zake kilo 4 na ushee, na vyote vinashindania nafasi na maji kwenye begi lilelile. Ukifika ukutani ukiwa umebeba mzigo huo, hutaki tena kuambiwa kwamba jiwe ni bovu. Unaanza kulitetea. Hapo ndipo watu wanapotoboa wasipopaswa kutoboa.

Picha ya drone inaonyesha rangi, haionyeshi sauti, na mwamba wa kule unasomwa kwa sikio. Sehemu kubwa ni naisi, jiwe kongwe linalomenyeka kama kitunguu. Jua la mchana na baridi ya usiku, pamoja na maji yanayopenya nyuma, huachanisha tabaka la juu na jiwe lenyewe. Kwa mbali ganda hilo ni laini, limenyooka, linapendeza. Kadiri linavyopendeza ndivyo ninavyolitilia shaka.

Chukua nyundo ndogo, gramu 300 hadi 500. Weka kiganja cha mkono mwingine juu ya jiwe, shibiri moja kutoka unapogonga. Jiwe zima hulia "ting", nyundo inaruka, na kiganja hakisikii kitu. Ganda hulia "bu", kama mlango wenye chumba nyuma, na kiganja kinatetemeka. Teremka kwa kamba ukigonga kila nusu mita, safu tatu: katikati, kushoto, kulia. Kwa njia ya mita 60 ni kama pointi 360, na nusu siku inaisha. Andika daftarini V kwa jiwe zima, X kwa ganda. Chaki ukitumia iwe kidogo, rangi ya kupuliza usiguse. X zikizidi theluthi, hiyo si njia, hama.

Kwa nini nasisitiza? Ganda la sentimita 6 ukilitia bolti ya milimita 80, ncha inayotanuka inaishia kwenye uwazi wa nyuma. Nati inazunguka bila kukaza, unajua mara moja, unalaani, unaondoka. Hilo ni kosa la bei nafuu. Kosa la bei ghali ni ganda la sentimita 12. Bolti inakaza vizuri, spana inakuambia sawa, unashuka ukiwa na furaha, kumbe umejifunga kwenye sahani isiyoshikwa na chochote. Piga hesabu: mita 2 kwa mita 1 kwa sentimita 10 ni zaidi ya kilo 500. Na tundu lilishatobolewa, halizibiki.

Hata kabla ya kugonga, soma kifusi chini ya ukuta. Hii ni bure na inachukua dakika kumi. Ukikuta vipande bapa vyenye kingo kali, upande mmoja mweupe usio na kuvu wala vumbi, na matawi ya kikwata yaliyovunjika juu yake, basi ukuta unamwaga maganda mpaka leo. Pima unene wa vipande hivyo, ndio kadirio la unene wa kilichobaki juu. Nami nilikuwa na jamaa wangu wa drone: alinisomea ukuta mzima kwenye simu, akanihakikishia ni "kama Lukenya tu, ila mrefu" (Lukenya ni miamba ya kukwea karibu na Nairobi). Kifusi hakuwahi kukitazama. Hata chini ya ukuta hakuwahi kusimama! Wenu naye mwulizeni swali moja tu: uligusa?

Michirizi nayo inasomwa kwa darubini ya 8x au 10x. Mweusi ni njia ya maji. Mweupe unaotapakaa chini ya kidaraja ni kinyesi cha tumbusi, na kiota kikiwa na mwenyewe, njia inahama, hakuna mjadala. Tumbusi wa Rüppell, wanaozalia kwenye magenge ya mlima Ololokwe huko Samburu, wako hatarini kabisa kutoweka. Mweupe na kahawia unaotoka ndani ya ufa ni mkojo wa pimbi, hapo jiandae kwa harufu. Ufa wenye nyuki usiuchungulie ukiwa unaning'inia.

Kamba: mita 100 isiyovutika, unene wa milimita 10, kilo 6 na nusu, fundo mwishoni, vipande vya mpira wa maji vya kuikinga kwenye kingo. Juu usifunge kwenye ile mimea mirefu yenye utomvu mweupe kama maziwa. Mizizi yake haiendi mbali na utomvu unapofusha. Urefu wa ukuta pima kwa simu: rudi nyuma kwenye tambarare mpaka kilele kiwe nyuzi 45, umbali wako hadi ukutani ndio urefu.

Ukuta wa mashariki unapigwa jua tangu alfajiri mpaka adhuhuri, mwezi wowote. Gongeni alasiri. Maji lita 5 kwa mtu kwa siku; watatu kwa siku tatu ni kilo 45, na hapo ndipo nafasi ya drili ilipoishia.

Ruhusa: wazee na ofisi ya hifadhi ya wanyamapori ya jamii kwanza, mapema, ana kwa ana. Na ulizeni Mountain Club of Kenya. Kutokuona bolti si ushahidi kwamba hakuna aliyepita. Kizazi cha Ian Howell, yule aliyejenga kibanda juu ya Nelion, kilele cha Mlima Kenya, mwaka 1970, kilikwea kuta nyingi za nchi hii bila kutia bolti.

Gari sijajibu, wengine watakusaidia. Mkirudi weka hapa lile daftari la V na X, tuhesabu bolti pamoja. Sidhani zitafika 80.